Sindano ya shaba ya Liyongo: nguvu ni yake, au ni ya siri?

Mwandishi wa Ngamiani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Sisi tunaoandika hadithi za pamoja za «Baada ya Kisima» tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kisa cha Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani, kinabaki kama kilivyosimuliwa huko Pate na Ozi, upande wa Lamu na mto Tana, hadi pale anapokata roho kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi. Baada ya hapo ndipo tunapoanza sisi: mwanawe, yule aliyemchoma kwa sindano ya shaba kitovuni, mahali pekee alipoweza kuuawa, anakimbilia kusini kwa mtepe, chombo cha kale cha tanga, na kuteremka Tongoni, karibu na hapa kwetu Tanga.

Sasa hadithi mbili zinazopendwa na wengi zinapingana. Katika ile ya mfua shaba, sindano imekwisha kazi yake na inauzwa sokoni kwa bei ya shaba chakavu. Katika ile ya mjukuu, sindano hiyohiyo inamuua mtu yeyote wa ukoo wa Liyongo, hata akichomwa na mgeni asiyemfahamu. Ningependa tuweke kanuni moja kabla hadithi ya tatu haijaanza kuandikwa. Aidha, tukubaliane mtepe ule ulisafiri msimu gani, kwa sababu sura moja inasema ilikuwa wakati wa kusi, upepo utokao kusini, na nyingine imenyamaza.

Bibi wa Raskazone

Wa aleikum salaam, mwanangu. Katika kisa chenyewe sindano haikuwa na ajabu yoyote. Ilikuwa kipande cha shaba ambacho mfua shaba yeyote angeweza kukitengeneza. Maadui wa Liyongo hawakukosa silaha hata siku moja, bali walikosa kujua siri ya mahali pa kumchoma, na ndiyo maana mtawala wa Pate alilazimika kumrubuni mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti yake. Tukumbuke pia kwamba Liyongo alitambua kuwa mwanawe ametumwa, na bado akamwambia. Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote, na kanuni yetu ingefaa itoke hapo: mtu wa ukoo ule hafi kwa chuma wala kwa shaba mpaka yeye mwenyewe, kwa ulimi wake na kwa hiari yake, amweleze mtu wa damu yake mahali anapoweza kuuawa.

Tukiipa sindano nguvu yake yenyewe, tunakuwa na kifaa cha uchawi cha kawaida, na vya namna hiyo vimejaa katika kila hadithi. Tena mtawala asingekuwa na haja ya mtoto. Angemtuma mtumwa tu usiku.

Mvuvi wa Sahare

Nakubaliana na Bibi kuhusu siri, nami nitajibu lile la safari. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kubisha dhidi ya kusi kutoka Pate hadi Tongoni, na katika miezi hiyo mkondo wa bahari nao huvuta kuelekea kaskazini. Kwa hiyo kijana huyo lazima aliondoka na kaskazi, upepo utokao kaskazini, kati ya Desemba na Machi. Jambo hili si la kurekebisha tarehe tu. Yeyote atakayetumwa kumfuatilia naye atakuja na upepo uleule, na akishafika hawezi kurudi Pate mpaka kusi ianze, kwenye mwezi wa Aprili. Mwindaji na mwindwa watakaa mji mmoja mdogo kwa wiki nyingi, wakisali msikiti mmoja na kuteka maji kisima kimoja. Nashangaa kwamba hakuna aliyeandika sura hiyo bado.

Kuna jingine. Sura ya kwanza inasema mtepe uliingia kwenye mikoko usiku wa manane, mwezi ukiwa haupo, bahari ikiwa imejaa pomoni. Usiku wa giza la mwezi mwandamo ni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa kwenye saa nne. Saa sita za usiku chombo kingekwama kwenye tope. Waingie saa kumi za alfajiri, kabla ya adhana.

Mwalimu wa Makorora

Nitasema machache. Wataalamu wametofautiana mno kuhusu zama za Liyongo, kwa hiyo tuna uhuru, lakini uhuru huo una mipaka. Mwana wa Liyongo hawezi kula muhogo wala mahindi, kwa kuwa mazao hayo yalitoka bara la Amerika na yaliletwa pwani hii baada ya Wareno kufika. Mpeni mtama, mchele, ndizi na samaki. Vilevile, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael iliteketezwa mwaka 1499 karibu na Mtangata, eneo hilihili la Tongoni. Ni tukio zuri, ila waachieni wajukuu walione. Baba yao akiliona, itabidi Liyongo mwenyewe awe ameishi katika karne ya 15, na hadithi zetu zitabomoka.

Mwandishi wa Ngamiani

Nashukuru sana. Basi napendekeza kanuni ya Bibi ipitishwe. Hadithi ya mfua shaba haiguswi. Katika ile ya mjukuu, sura ya nne tayari ina usiku ambao anaweweseka kwa homa huku binamu yake akimuuguza. Tukiongeza maneno machache, siri itakuwa imetoka hapo.

Bibi wa Raskazone

Hapana, mwanangu. Anayeweweseka hakusema kwa hiari. Homa na ishuke kwanza, binamu amuulize akiwa na akili zake timamu, naye ajue kwa nini anaulizwa. Sura hiyo niachieni mimi niiandike upya.