Vyuo vya Uingereza vinakalia taarifa zetu za kumaliza masomo, kazi zinatupita na viza zinaisha

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na sitaificha. Nimemaliza shahada ya uzamili Uingereza, nimefaulu, sidaiwi ada hata shilingi, na bado nimepoteza kazi niliyoipigania mwenyewe kwa sababu ofisi moja ya chuo imekalia taarifa isiyozidi mistari miwili. Jina la chuo nalihifadhi kwa kuwa malalamiko yangu bado yapo mezani kwao, ila walioko huku watanielewa haraka.

Kwa wasioijua hii njia: viza ya Graduate ilifunguliwa 1 Julai 2021, miaka kadhaa baada ya ile ya zamani kufutwa mwaka 2012 enzi za Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ukimaliza digrii au masters unapewa miaka 2 ya kufanya kazi bila kudhaminiwa na mwajiri, wa PhD anapewa 3. Hawadai cheti wala mahafali. Wanachotaka ni chuo kiiarifu Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, kwamba umemaliza na umefaulu. Ukiomba kabla taarifa hiyo haijafika unajitafutia kunyimwa. Halafu lazima uombe ukiwa ndani ya Uingereza, viza ya mwanafunzi ikiwa bado hai. Ikikuishia, habari ya Graduate imekwisha. Kwa hiyo maisha yako yote yanasubiri mfanyakazi mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa abonyeze kitufe.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Tasnifu nilikabidhi Septemba 2025. Oktoba nikafanya usaili wa nafasi ya mchambuzi wa takwimu, kazi ya kudumu, nikashinda, nikaambiwa nianze Desemba. Masharti ya viza ya mwanafunzi hayaruhusu kushika nafasi ya kudumu ya muda wote mpaka uwe umeshaomba Graduate, na HR walinieleza hivyo kistaarabu kabisa: tuletee uthibitisho kwamba umeomba, kiti chako kipo.

Nikawaandikia chuo. Wakasema tusubiri kikao cha bodi ya mitihani, katikati ya Novemba. Sawa, nikasubiri. Bodi ikakaa, matokeo yakatoka, nimefaulu. Nikauliza, taarifa inakwenda lini Home Office? Likarudi jibu la mashine: tumepokea ujumbe wako, tutakujibu ndani ya siku 10 za kazi. Zikapita, kimya. Nikaenda dirishani mwenyewe. Binti wa zamu akanigeuzia skrini nione: jina langu lipo, alama zangu zipo, na kwenye safu ya mwisho pameandikwa kwamba niko "kundi lijalo". Nikamuuliza kundi lijalo ni lini. Akasema hajui, huwa wanatuma kwa mafungu, meneja ndiye anaamua. Nikamwonyesha barua ya ajira kwenye simu, yenye tarehe ya kuanza kazi. Akaisoma yote, akanipa pole, akaniambia niandike tena barua pepe ileile kwenye anwani ileile.

Ofisi ikafungwa kwa Krismasi. Taarifa yangu ikaenda Januari, viza inaisha mwisho wa mwezi huohuo. Niliomba usiku uleule. Mwajiri alishachukua mtu mwingine, na simlaumu. Faini ya kumwajiri mtu asiye na ruhusa inaweza kufika pauni 60,000 kwa kichwa kimoja kwa mwajiri anayerudia kosa. Nani atajiweka hatarini kwa ajili ya mgeni asiyemjua?

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Chuo hichohicho, ukiacha kuhudhuria masomo, sheria ya udhamini inakitaka kiiarifu Home Office ndani ya siku 10 za kazi, na kinatii bila kukosea kwa sababu leseni yake ya kuleta wanafunzi wa nje ipo hatarini. Awamu ya ada ikichelewa kidogo, barua ya onyo inaingia kabla hujaamka. Wafanyakazi wapo, mfumo upo, mtandao upo. Kumbe kasi wanayo! Ila wanaikumbuka pale tu wanapojilinda wao. Nyumbani kwetu kiwanja cha Chanika kiliuzwa ili mimi nikalipe hiyo ada, na mama hajawahi kuniuliza kiwanja kimezaa nini. Hilo la mama linaniuma kuliko kazi yenyewe.

Njoo kwenye hela. Nilipoomba mimi, ada ya maombi ilikuwa pauni 880. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na unailipa ya miaka yote miwili kwa mkupuo kabla hujapata mshahara hata mmoja. Jumla pauni 2,950, zaidi ya shilingi milioni 9 za kwetu. Ukishapata kazi unakatwa kodi na bima ya taifa kama raia yeyote, hiyohiyo kodi inayoendesha hospitali ambazo umeshalipia tozo. Ukinyimwa, tozo inarudishwa, ile 880 imekwenda. Tozo hii ilikuwa pauni 624 hadi Februari 2024, ikapandishwa kwa mkupuo.

Na ukishaomba, huruhusiwi kusafiri. Ukivuka mpaka kabla ya uamuzi, isipokuwa kwenda Ireland na visiwa vyao vya jirani, ombi linahesabika umeliondoa mwenyewe. Dada mmoja tuliyesoma wote, kwao Tanga, alifiwa na baba yake wakati ombi lake linasubiri. Pasipoti anayo mkononi, nauli watu tumeshachanga, na hawezi kupanda ndege bila kupoteza kila kitu. Alihudhuria maziko kwa simu, amekaa kwenye ngazi za nje ya ghala analofanyia zamu, kaka yake kule akijitahidi kuishika kamera wima kwenye msongamano wa watu. Chuo kingetuma taarifa yake Novemba kama ilivyopaswa, angekuwa ameshajibiwa na angemzika baba yake.

Sasa naomba walioanza masters Septemba 2025 wasome hapa mara mbili. Serikali ya Uingereza imeamua kwamba anayeomba Graduate kuanzia 1 Januari 2027 atapata miezi 18 badala ya miaka 2. PhD wanabaki na 3. Ninyi mnamaliza Septemba 2026, matokeo Novemba au Desemba. Chuo kikikalia taarifa yako kikaituma Januari kama kilivyonifanyia mimi, umepoteza miezi 6 ya kazi bila kosa lako. Miezi hiyo ndiyo ya kumtafuta mwajiri mwenye leseni ya kukudhamini kwa Skilled Worker, viza ya kazi ambayo kiwango chake cha kawaida cha mshahara sasa ni pauni 41,700 kwa mwaka, na hata kwa wanaoanza ajira ni 33,400. Hakuna anayefika huko kwa wiki mbili, hasa kama bado unabeba maboksi usiku ili ulipe kodi ya chumba.

Na mawakala wa Dar na Nairobi wanaoendelea kuwaambia wazazi "miaka miwili ya kazi uhakika" kwa wanafunzi wa kuanza Septemba 2026, acheni. Mnajua hao watamaliza 2027. Mnajua pia kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya kawaida haruhusiwi kuleta mke au mume na watoto, na bado kuna familia zinauziwa hiyo ndoto. Kamisheni mnalipwa na vyuo, waambieni wazazi ukweli kabla hawajauza mali.

Ninachodai ni kidogo. Chuo kitaje kwa maandishi tarehe ya bodi na tarehe ya kutuma taarifa, na taarifa iende kwa kila mtu anapofaulu, mambo ya mafungu yaishe. Mlio huko andikeni sasa, msingoje Novemba. Wapelekeeni washauri wa viza wa chuo na umoja wa wanafunzi, na majibu yote yatunzeni. Mimi nimefungua malalamiko rasmi ndani ya chuo. Wakinizungusha, nikishapata barua ya kuhitimisha taratibu zao nakwenda OIA, chombo huru kinachosikiliza malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales, hakina gharama kwa mwanafunzi.

Kama kuna mtu humu amewahi kukipeleka chuo OIA kwa kuchelewesha taarifa ya kumaliza, aje aseme alidai nini na alilipwa nini. Nahitaji hilo kabla sijajibu barua yao ya wiki hii.