Nataka kusoma astrofizikia kwa ajili ya utafiti, nianzie wapi hapa Uganda?

BintiKoboko
Salaam wote. Matokeo ya S6 (kidato cha sita) yametoka, niko na PCM (fizikia, kemia, hesabu) na sabu, yaani somo dogo la nyongeza, ya ICT, pointi 17, hesabu A, fizikia B, kemia C. Tangu S3 roho yangu iko kwa nyota, na si kuziangalia tu, nataka ile kazi yenyewe ya utafiti, mtu anakaa na data anatafuta jibu la kitu ambacho bado hakuna anayekijua. Shida kwa fomu za kuomba chuo sijaona mahali pameandikwa astrofizikia, na baba mdogo ndiye analipa ada, ameniuliza mbele ya nyumba nzima ati ukimaliza utaajiriwa na nani, malaika? Yeye anataka uinjinia. Naomba wenye kujua wanisaidie, hapa kwetu mtu anasoma kozi gani ndio afike huko, na ni lazima nitoke nje au naweza kuanza hapa hapa? Na tafadhali msiniambie "fuata ndoto yako", hiyo nishasikia ya kutosha.

MkaziWaMbarara
Hongera dada, 17 si mchezo. Kwanza jina la kozi lisikusumbue. Digrii ya kwanza usitafute astrofizikia, tafuta fizikia na hesabu zote mbili kwa uzito sawa, kwa sababu ukifika masta hakuna atakayekuuliza unajua majina ya nyota ngapi, watakuuliza mekaniki ya kwantamu, usumakuumeme, thamodainamiki, takwimu. Makerere unapata hiyo. Huku Mbarara kwenye chuo cha sayansi na teknolojia unapata hiyo na juu yake wako walimu ambao utafiti wao ni nyota na anga, na chuo kiko ndani ya ule mtandao wa astrofizikia wa Afrika Mashariki uliosaidiwa kutoka Uppsala, Sweden. Faida yake utaiona mwaka wa tatu ukiambiwa ufanye projekti, unaweza kupata supavaiza wa mambo yako badala ya kupewa ile ya sola paneli ambayo kila mtu anafanya (sola naiheshimu, lakini jamani).

Halafu kuna kitu watu hawakisemi. Uganda tuko mahali pazuri sana kwa utafiti wa ayonosfia, ile hewa ya juu yenye chaji. Ikweta ya sumaku ya dunia inapita kaskazini kidogo mwetu, na jua likishazama huko juu kunatokea mapovu yanayovuruga mawimbi ya GPS. Kazi hiyo haitaki teleskopu ya mabilioni, inataka risiva ya GPS, na Mbarara iko moja ambayo data yake inaenda kwa mtandao wa dunia nzima, kituo kinaitwa MBAR, yeyote anaweza kuipakua. Si nyota zako hizo najua, lakini ni utafiti wa kweli na mbinu utakazojifunza utazibeba popote.

MzeeWaBombo
Mwanangu, baba yako mdogo hajakosea, anayelipa ada ana haki ya kuuliza. Na wewe wa Mbarara mpe mtoto habari yote. Mtafiti anaanza kuonekana mtu baada ya PhD, na hapo hesabu mwenyewe, digrii miaka 3, masta 2, PhD 3 au 4 kama kila kitu kimeenda sawa, wenzake wa darasa wameshajenga na kuoa. Mimi namshauri achukue fizikia na hesabu za ualimu. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii kwenye sekondari ya serikali analipwa milioni 4 kwa mwezi, mwalimu wa historia anamtazama tu. Mtajie baba mdogo hiyo milioni 4 uone kama hatanyamaza.

MkaziWaMbarara
Mzee sina ugomvi na milioni 4. Lakini ualimu unakula nafasi, zile yuniti za elimu na kwenda kufundisha mashuleni kunachukua muda wa fizikia ya juu, na hiyo ya juu ndiyo atakayoulizwa huko mbele. Afanye digrii ya sayansi kamili, maisha yakibana kuna diploma ya ualimu ya baada ya digrii, anaongeza tu.

Nuru_aliyerudi
Mdogo wangu, mimi nilipita njia hiyo hiyo, fizikia na hesabu Kampala, kisha Cape Town kwenye NASSP, programu ya Afrika Kusini ya kufundisha astrofizikia na sayansi ya anga, ambayo iko tangu 2003 na inakuchukua kwanza mwaka mmoja wa honours, ule wa kati ya digrii na masta, halafu ndio masta. Huo mwaka wa kwanza usiudharau, ndio unatoa jasho. Afrika Kusini ndiko vyombo viko, MeerKAT, teleskopu ya redio kule Karoo, ina madishi 64, SALT, teleskopu ya mwanga pale Sutherland, kioo chake ni kama mita 11 kwa 10. Ila usifikiri utakuwa unalala kwenye teleskopu, kuifikia kwenyewe ni nadra, mtafiti wa siku hizi yuko kwenye laptopu anagombana na programu ya Python ambayo jana ilikubali na leo imegoma.

Kwa hiyo usingoje mwaka wa tatu, anza likizo hii. Fungua Google Colab, hiyo inaendesha kazi kwenye mashine zao kwa hiyo hata laptopu ya kuazima inatosha, tumia kifurushi cha Python (si cha bando) kinaitwa Lightkurve, itisha data ya nyota WASP-18 kutoka TESS, setilaiti ya NASA iliyorushwa 2018. Faili ni MB chache, bando haliishi. Ukichora grafu ya mwanga na muda utaona vidoti vimejipanga sawa, halafu kila baada ya saa kama 22 na nusu vinashuka kidogo, karibu asilimia 1, vinapanda tena. Hiyo ni sayari inakatiza mbele ya nyota yake, mwaka wake mzima haufiki hata siku moja yetu! Sasa chukua huo mshuko, 0.01, tafuta kipeuo chake cha pili (kwa sababu mwanga unaozibwa unafuata eneo la duara, si upana), unapata 0.1, maana yake upana wa sayari ni kama sehemu moja ya kumi ya upana wa nyota. Umepima kitu ambacho hakuna macho ya mtu yameona, uko Koboko. Katikati ya grafu kutakuwa na pengo halina data, usishtuke, hapo setilaiti ilikuwa inatuma mzigo duniani.

Supavaiza akipata barua pepe ya mtu aliyefanya hilo, ameweka grafu na swali moja la akili, atajibu. Akipata ya "tangu utotoni napenda nyota" anaipita.

Na nje si Ulaya peke yake. Kigali kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, tangu 2016, unapata masta, na kuna ile taasisi ya fizikia iliyoungana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, masta hadi PhD. Masharti ya ufadhili soma kwenye tangazo lenyewe, usisome kwa WhatsApp.

KaseseYetu
Kwani ile setilaiti yetu PearlAfricaSat-1 si ndio hiyo hiyo astrofizikia?

MkaziWaMbarara
Hapana kaka, ule ni uinjinia. Vijana wetu 3 walifunzwa Japan, Kyushu, wakatengeneza kisanduku cha sentimita 10 kila upande, kikarushwa Novemba 2022, na kazi yake ilikuwa kutazama ardhi chini. Lakini umenikumbusha jambo, kama kwa baba mdogo neno injinia ni lazima liwepo, uinjinia wa umeme na mawasiliano nao unafika kwenye nyota kupitia teleskopu za redio, zile antena na risiva hazijitengenezi. Ila fizikia atajisomea mwenyewe usiku, na si wengi wanaoweza.

BintiKoboko
Asanteni sana, hasa Mzee, hiyo ya milioni 4 nimeishaifikisha na leo chakula kimeliwa kwa amani. Maswali mawili, fizikia yangu ni B, itanifunga? Na programu sijui kitu, ICT ya shule tuliisoma ubaoni. Nimejaribu hiyo WASP-18 kwa laptopu ya binamu, inaniletea maandishi mekundu, No module named lightkurve.

Nuru_aliyerudi
B haikufungi, watakachoangalia ni alama zako za chuo, hasa hesabu, hiyo A ilinde. Hayo mekundu ni kwamba kifurushi hakijawekwa. Mstari wa kwanza kabisa andika !pip install lightkurve, bonyeza, ngoja kidogo, halafu endesha tena ile ya chini. Ikigoma bandika hapa maandishi yote mekundu, usikate.