Kinu cha nyuklia cha meli katika mchezo wa kompyuta wa Stormworks: mzunguko mmoja wa maji au miwili?

FundiGati: Ndugu wanachama, ninaunda meli kubwa ya uokoaji, nami nataka kuachana na dizeli na kutumia kinu cha mpasuko wa nyuklia (kinachopata joto kwa kupasua atomi) kilichomo katika nyongeza ya mchezo iitwayo Industrial Frontier. Je, maji yanayopita kwenye fimbo za fueli yachemke na mvuke wake uende moja kwa moja kwenye turbaini, au yazunguke peke yake na kuchemsha maji mengine? Mzunguko mmoja unanivutia kwa sababu mabomba yake ni machache.

Nahodha_Seif: Chagua miwili. Katika vinu halisi vya aina hiyo, maji ya kwanza hubanwa kwa shinikizo la takriban baa 155, hivyo hayachemki hata yakifika nyuzi 320 za Selsiasi, na mvuke unaozungusha turbaini haugusani na fueli hata kidogo. Nyambizi ya Marekani USS Nautilus, iliyoanza kusafiri kwa nguvu za nyuklia Januari 1955, ilitumia mpangilio huo, na meli nyingi za nyuklia zimeufuata.

Mwanafizikia: Naafiki kwa upande wa meli, lakini mzunguko mmoja usidharauliwe. Hufanya kazi kwa takriban baa 70 tu, tena hujituliza wenyewe: joto likizidi, mapovu huongezeka, nyutroni (chembe zinazopasua atomi za urani, hasa zikienda polepole) hazipunguzwi mwendo vya kutosha, na mpasuko hupungua. Kasoro yake ni kwamba mvuke hufika kwenye turbaini ukiwa na mionzi.

Bi Pampu: Mimi naona mnajadili mabomba mkisahau umeme wa pampu. Fimbo za kudhibiti hufyonza nyutroni na kusimamisha mpasuko, ila mara tu baada ya kinu kuzimwa, mabaki ya urani iliyopasuka huendelea kutoa takriban asilimia 6 ya joto la awali. Kule kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011 vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga. Kilichoviyeyusha ni kukosa upoezaji baada ya tsunami kuzamisha jenereta za dharura. Isitoshe, pampu ikitegemea umeme wa turbaini peke yake, utakiwashaje kinu kilichopoa? Ipe betri na jenereta ndogo ya dizeli, na uziweke juu ya usawa wa maji.

FundiGati: Nashukuru sana. Nitajenga mizunguko miwili, na jenereta ya dharura nitaihamishia sitaha ya juu kabla ya kufunga bomba lolote.