Ethi na niutro: je, ni sawa kuziunganisha ndani ya soketi?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi wa ethi, ule waya wa kinga unaounganisha bodi (ganda la chuma) ya kifaa na ardhi. Kutoka kwenye nguzo zinakuja nyaya mbili tu, fezi na niutro. Fundi ameweka kipande cha waya ndani ya soketi kutoka N kwenda E, akisema niutro imeshazikwa ardhini kule kwenye transfoma, kwa hiyo ni kitu kimoja. Kweli friji imeacha kuwasha vidole. Ni sahihi?

Jibu 1
Si sahihi, mkuu. Zima mein swichi, kitoe hicho kipande leo.

Niutro imefungwa ardhini kwenye transfoma, hilo ni kweli. Lakini niutro hubeba umeme muda wote kifaa kinapofanya kazi, na ethi haitakiwi kubeba umeme wa kazi hata kidogo, inangoja hitilafu. Sasa niutro ikikatika kwenye nguzo, au skrubu yake ikilegea kwenye mita, umeme unapita ndani ya friji, unakosa njia ya kurudi, unaingia kwenye hicho kipande na kutanda kwenye bodi. Bodi inakuwa na volti 230 na breka haishuki, maana hakuna shoti. Atakayegusa mlango akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye anageuka njia ya kwenda ardhini.

Friji imetulia kwa sababu niutro bado nzima. Basi.

Mwuliza swali
Nimeelewa. Nikichimbia rodi ya ethi, breka ya ampea 32 itanilinda?

Jibu 2
Haitakulinda peke yake. Piga hesabu: rodi yenye ukinzani wa omu 20, fezi ikigusa bodi, 230 gawa kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya 32 inaona huo ni mzigo wa kawaida, inaendelea kushika huku bodi ina umeme.

Ndiyo maana panafungwa RCD ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha umeme unaotoka kwa fezi na unaorudi kwa niutro; tofauti ikifika hapo inakata. Ukiacha kile kipande kwenye soketi, RCD itashuka kila ukiwasha kifaa, kwa kuwa sehemu ya umeme inarudi kwa ethi. Mafundi wengine hapo husema RCD ni mbovu na kuiruka. Hatari kubwa hiyo.

Rodi iwe ya chuma kilichopakwa shaba, igongwe hadi udongo wenye unyevu. Ya pili, ikihitajika, ikae mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi. Chumvi inapunguza ukinzani kwa muda, lakini inaoshwa na mvua na kuila rodi.

Jibu 3
Naongezea: msipime ethi kwa balbu, yaani kuifunga kati ya fezi na ethi. Balbu ya wati 100 ikiwaka ina ukinzani wa omu 529 hivi. Ethi mbovu ya omu 50 bado itaipa volti 210, itang'aa vizuri tu na mtadhani kazi imekwisha. Tena ethi ikiwa imekatika ardhini, bodi zote zilizofungwa kwenye waya huo zitapata umeme wakati unapima. Tumia kipimo cha ethi chenye vijiti vyake, kisha bonyeza kitufe cha T kwenye RCD kuona kama inashuka. Kitufe hicho kinapima RCD tu, rodi hakiigusi.