Tupeane uzoefu: umemwelezaje mtu imani yako hapa Malindi baada ya Shakahola?

Mama Kwaya, Muyeye

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba tuliongee jambo ambalo kanisani tunalipitia pembeni.

Tangu Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa, Mkristo wa Malindi akibisha hodi na Biblia mkononi anatazamwa kwa jicho jingine. Miili iliyotolewa kule ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Leo mama wa nyumba ya pili akiniona nakuja na Biblia, kwanza anamwita mwanawe ndani, kisha ndipo aitikie salamu. Simlaumu hata kidogo.

Ninaoumia juu yao ni sisi. Nimesikia kwenye kwaya, kwenye vikundi vya akina mama, hata kwa wazee wa kanisa: kuhubiri waachiwe wachungaji wenye vyeti, sisi tuombe tu nyumbani. Nakataa. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi, katika Marko sura ya 5, alipofunguliwa alitaka kuingia chomboni aondoke na Yesu. Hakuruhusiwa. Aliambiwa aende nyumbani, kwa watu wa kwao, awaeleze alivyorehemiwa. Alikuwa ametoka kulala makaburini, chuo angekisomea wapi?

Na sisi wa pwani tusijidanganye kuwa injili ni kazi ya wageni. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto mchanga mwaka uleule, akafungua kituo cha Rabai 1846. Tunamheshimu. Lakini Godoma, injili ilipelekwa na Abe Ngoa, Mgiriama mwenzao. Na David Koi, aliyeongoza Wakristo wa Fuladoyo pale watumwa waliotoroka walipokuwa wakikimbilia, aliuawa 1883 kwa ajili ya imani yake. Hao ni watu wetu.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Waliopotelea Shakahola walikuwa na majirani. Walikuwa na wafanyakazi wenzao, mashemeji, watu waliosali nao zamani. Mafundisho yale yaliwafikia kwa sababu kuna aliyejituma kuyapeleka. Sisi tuliokuwa na habari iliyo njema kweli tulikuwa wapi, na tulimwambia nani?

Basi tupeane uzoefu. Ulikaa na nani, akakuuliza nini, ukamjibu vipi. Tafadhali msituandikie idadi ya waliookoka.

Dereva wa Tuktuk

Mama Kwaya, asante kwa kulifungua hili. Mimi nabeba abiria hapa mjini, na kipindi kile nilibeba wengi waliokuwa wakienda mochari kuuliza ndugu zao, na wengine waliokuwa wakienda kutolewa vipimo vya DNA. Watu walitoka mbali, wengine hawakuwahi kufika pwani maishani mwao. Wapo waliosubiri hadi 2024 ndipo wakaanza kukabidhiwa miili.

Tuktuk yangu ina maandishi nyuma: Yesu ni Mwokozi. Siku moja mama mmoja wa makamo alikuwa anapanda, akayasoma, akashusha mguu. Akaniambia, "Kijana, hilo jina ndilo lililomla binti yangu na wajukuu zangu." Nilizima injini. Wenzangu wa stejini wakanyamaza.

Sikuona kama ni wakati wa mahubiri. Nikamwambia, "Pole, mama. Nitakupeleka, na ukitaka tusiongee hatutaongea." Akapanda. Tulifika, nikamsubiri nje, maana alikuwa peke yake na hakujua pa kulala. Alipotoka hakuwa amepata jibu. Nikampeleka kwa mama yangu mzazi huko Maweni, akapewa maji ya kuoga na chakula.

Usiku ndipo akaniuliza mwenyewe: "Huyo Yesu wako anawatakia watu njaa?" Mimi si msomi, lakini kuna sehemu moja nilikuwa naijua vizuri, Mathayo 15. Watu wamekaa naye siku tatu, chakula kimewaishia, na Yesu anasema hataki kuwaaga wakiwa wamefunga, wasije wakazimia njiani. Nikamsomea. Akanyamaza. Akaniomba nisome tena. Kisha akauliza, "Imeandikwa hivyo hivyo, hujaongeza?" Nikampa kitabu ashike mwenyewe. Alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, mama yangu akilia pembeni.

Alirudi kwao. Tunapigiana simu. Kama amerudi kanisani au la, hajaniambia na simuulizi. Ninachojua ni kwamba binti yake alisomewa maneno ya kumuua, na mle mle kitabuni yalikuwemo ya kumponya, hakuna aliyemwonyesha. Tangu hapo sijaona haya tena kuongea. Maandishi ya tuktuk bado yapo.

Dada wa Casuarina

Yangu ni fupi. Nafanya usafi wa vyumba hotelini. Watalii wakiwa wachache mishahara huchelewa, na wenzangu wakawa wanatoka na sukari, sabuni, vinywaji. Nilikuwa sichukui, na simripoti mtu. Mwenzangu akaniuliza kwa nini, na nina watoto wenye njaa kama yeye. Nikamwambia ukweli: nimemwomba Mungu riziki, nikichukua hii nitakuwa nimejijibu mwenyewe. Jioni hiyo tuligawana unga niliokuwa nao. Sasa tunaomba pamoja kabla ya zamu.

Mwana wa Marafa

Mimi nataka kuingiza jambo ambalo Wakristo wengi wa Magarini na Ganze tunalijua na tunalinyamazia: wazee wetu wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mtu akishaota mvi na ana shamba, akifa mtoto kijijini, yeye ndiye anayenyooshewa kidole. Nyuma yake mara nyingi kuna wanawe wanaotaka kuuza ardhi. Kuna wazee wamekimbia makwao, wanaishi kwenye makao ya kuwahifadhi ingawa wana wajukuu wanaowajua.

Baba yangu mkubwa alinyooshewa kidole hivyo. Kikao cha ukoo kikaitwa, vijana wamekunywa mnazi, mmoja akasema mganga ameshathibitisha. Mle ndani tulikuwemo Wakristo kadhaa, mmoja ni shemasi. Nilisimama nikasema: huyu mtumia, yaani mzee wetu, ndiye aliyenilipia karo ya darasa la nane, kuanzia leo nalala kwake, anayemjia usiku atanikuta mimi kwanza. Nikahamisha godoro langu jioni ile.

Niliishi naye mpaka maneno yakapoa na chifu akaingilia kati. Mzee hakuwa Mkristo, ni mtu wa mila za kaya, ile misitu mitakatifu ya mababu, na tulikuwa tukizungumza usiku kucha juu ya mababu, mvua na zamani. Siku moja akaniuliza: "Wale wenzako wa kanisa walikuwa wanakuja hapa na vikaratasi. Nilipoitwa mchawi hawakuja. Wewe umetumwa na nani?" Nikamjibu kuwa nilitumwa na aliyesingiziwa kama yeye, akasimamishwa mbele ya wazee, na rafiki zake wote wakakimbia. Akaniambia nimweleze huyo mtu tangu mwanzo. Ilituchukua usiku mwingi, kwa Kigiriama, maana Kiswahili chake ni cha sokoni.

Bado hajabatizwa. Anasema anafikiri. Kila Jumapili ananiuliza mchungaji amesema nini, na akiona limepungua jambo ananiambia. Mimi naamini kwa moyo wote kwamba Mkristo anayegawa vikaratasi kijiji kizima kisha akakaa kimya kwenye kikao cha ukoo, hajashuhudia.

Jirani wa Shella

Nawasalimu nyote. Mimi naishi mtaa ambao majirani zangu karibu wote ni Waislamu, watu wema mno kwangu. Mtoto wangu alipougua, Bi mkubwa wa nyumba ya mbele ndiye aliyekesha nami. Idi nakula kwao, Krismasi wanakula kwangu, nami nahakikisha nyama imechinjwa na wanayemwamini.

Watu huonyesha ile nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni, msalaba juu, wakasema Ukristo wa Malindi ulikuja na merikebu. Merikebu zilikuja kweli, 1498, lakini msalaba wa jiwe haumjibu mtu swali. Napenda zaidi habari ya Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, aliyepita hapa 1542 akielekea India. Aliandika kwamba mzee mmoja wa Kiislamu wa mji huu alimuuliza kama huko kwao Wakristo wanajaa makanisani na wanasali kwa bidii, kwa sababu yeye alikuwa anasikitika ibada imepungua kwao. Tazama swali hilo. Alitaka kujua kama tunasali.

Bi mkubwa aliniuliza vivyo hivyo. Alisema, "Mama fulani, nakuona unatoka alfajiri Jumapili, lakini wewe huswali siku za kati?" Nikamweleza kwamba naomba usiku, na kwamba jina lake na la wanawe ninalitaja. Akataka kujua nawaombea nini, na kwa jina la nani. Nikamwambia wazi, kwa jina la Yesu, na kwa nini. Naye akanieleza anavyomjua Nabii Isa. Tuliongea hadi maji ya chai yakakauka jikoni, hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Imani yangu sikuificha, na heshima yake sikuigusa. Wale wanaofunga spika kuelekea msikitini na kutukana dini ya watu wananiharibia mimi ninayebaki hapa.

Mwinjilisti, Gongoni

Nimesoma yote na nimebarikiwa, ila nina neno. Kila aliyechangia anasema aliulizwa. Je, asiyeuliza? Huku kwenye mashamba ya chumvi vijana wanafanya kazi juani, wanakunywa, wanakufa, hakuna anayeniuliza habari za tumaini langu. Paulo aliwauliza Warumi watu watasikiaje pasipo mhubiri. Lazima mwingine aende kabla ya kuitwa. Mimi nitaendelea kusimama pale vijana wanapolipwa, niseme kwa sauti yangu bila spika.

Mama Kwaya, Muyeye

Mwinjilisti, endelea kusimama, nami nakubali: kungoja kuulizwa kunaweza kuwa maficho. Nyongeza yangu ni moja, kwa sababu ya msiba wetu. Ukimwendea mtu ambaye hajakuita, mwachie mlango wazi. Mimi nikimwalika mtu tusome, namwambia aje na dada yake au mumewe. Tunasoma sebuleni, watu wakipita wanatuona. Namwambia akamuulize na mchungaji mwingine nililosema. Sadaka sichukui. Mgonjwa namsindikiza hospitali kwanza, tunaomba kwenye foleni. Wale wa msituni walitengwa na shule, na dawa, na ndugu zao. Anayekuita kwa Mungu huku akikutenga na watu wako, mkimbie.

Mgeni, Barani

Mama, mimi nimeokoka juzi tu na mume wangu hataki kusikia neno kanisa tangu Shakahola. Nianzie wapi?

Mama Kwaya, Muyeye

Usimfiche unapokwenda wala saa ya kurudi, dada yangu, na kesha la usiku liache kwa sasa. Mwambie aje akuchukue mlangoni, aone ni nani mnaokaa nao. Akikubali kusoma, chukueni Injili ya Marko, ina sura 16 tu, asome yeye kwa sauti na wewe usikilize. Akiuliza usilolijua, mwambie mtalitafuta pamoja, kisha uniandikie hapa.