Darasani anakwama, kwa babu yake anapata. Walimu mnafanyaje?

Mwl_Pangani:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha hisabati darasa la sita. Nina mwanafunzi ambaye kwenye jaribio la sehemu aliacha wazi swali la ¾ × 8. Jumamosi nikamkuta ufukweni kwa babu yake, fundi wa mashua. Mzee akamwambia, "Nikatie ubao wa pima moja kasorobo." Mtoto hakuuliza. Akachukua ufito wa babu wenye alama za shibiri, yaani kiganja kilichotanuliwa toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho (shibiri yake mwenyewe bado fupi), akahesabu sita, akachora mstari kwa mkaa, akashika msumeno.

Pima ni dhiraa nne, kila dhiraa shibiri mbili. Jumla nane, robo tatu yake sita. Swali lilelile!

Roho iliniuma, maana kwenye ripoti yake nilishaandika "aongeze bidii". Ofisini wenzangu wanasema ufukwe ndio unaomharibu na kumfanya mtoro, azuiwe. Mimi siafiki. Nyie mnayaingizaje mambo kama haya kwenye somo?

Bibi_Chaki:
Mwalimu, kwenye utoro wenzako wana hoja, siku za shule awe shule. Ila Jumamosi mwache aende. Nilifundisha MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, miaka sita. Watoto waliuza dagaa, chenji hawakosei, lakini ukiandika 500 − 350 ubaoni wananyamaza. Hesabu walikuwa nayo, alama ndizo walikuwa hawazijui. Nikawa naanza kwa mdomo na dagaa zao, kuandika baadaye.

Seremala77:
Mimi si mwalimu, samahanini. Useremala nilifundishwa na mjomba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi; walinipima kwa vitendo nikapata cheti. Kilichonitoa jasho ni kusoma vipimo kwenye mchoro. Huyo mtoto mfundishe karatasi, mbao tayari anazijua.

Mwl_Pangani:
Shukrani sana Bibi, na wewe fundi. Leo nimeazima ule ufito. Nimemwita mbele, nikamwambia awaonyeshe wenzake pima moja kasorobo. Akaonyesha. Nikamwomba aandike, akasita, nikamwandikia ¾ tu. Akaunyanyua ufito, akautazama, akamalizia mwenyewe: × 8 = 6. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo shibiri tano ni tano juu ya nane?"

Kesho namrudishia karatasi yake ya jaribio. Na ile ripoti nimemwomba mwalimu mkuu niiandike upya.