Naomba ushauri: wapi nampata mshauri nasaha wa bei nafuu, Temeke?

Habari zenu wakuu. Dada yangu ni mama lishe Mbagala. Tangu afiwe na mumewe, hapati usingizi, chakula hakipandi. Juzi maharage yaliungua jikoni, yeye kakaa tu anayatazama. Hospitali moja binafsi wanataka 50,000 kwa kikao. Huo ni mtaji wake wa siku. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, lakini asipopika siku moja watoto hawali. Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi waliofunzwa huwasikiliza watu kwenye mabenchi ya zahanati. Huku kwetu je, kuna zahanati, msikiti, kanisa au kikundi chenye mshauri aliyesomea, hata kwa kuchangia kidogo? Jioni au Jumapili ingemfaa zaidi. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, naumia sana kumwona hivi.